Kipimo Chetu Kilikuwa Kiganja cha Leokadia

Nyie mliobaki pale studio mmeniomba niwaandikie namna nilivyokuwa nikipata rangi halisi za watu kwenye ile printa, kwa wino wa kujaza. Mmeomba kwa adabu, na mimi sasa sina kazi zaidi ya kupalilia maharage na kugombana na kuku wa jirani, basi nitaandika. Ila kama mnataka zile habari za "nilianza chini nikapanda", mkamwombe mwingine. Mimi sikupanda popote. Nilikalia kiti kimoja mpaka kikalegea miguu, na siku nakabidhi funguo mlinipa soda na keki yenye jina langu lililokosewa. Sijalalamika. Naeleza tu ilivyokuwa.

Nilifika Sumbawanga nikitokea Mwazye, nikiwa najua kushika jembe na kuwasha kompyuta, na vyote viwili kwa kubahatisha. Fundi wa pale alikuwa Mzee Desideri, mtu wa enzi za chumba cha giza, ambaye vidole vyake vilikuwa na madoa ya dawa za filamu yaliyokataa kutoka mpaka anazikwa. Siku ya kwanza hakunionyesha printa. Alinipeleka dirishani akanipa picha tatu za mzee mmoja, zote sura ileile, akaniuliza, "Ipi ni mtu?"

Nikaonyesha ile iliyong'aa kuliko zote.

"Hiyo ni kalenda," akasema. "Kaa uangalie tena."

Nilikaa dirishani mpaka saa sita mchana. Kila nikisema "hii", yeye anasema "bado". Mwishoni nikaona kwamba ile iliyofifia kidogo, ambayo mtu angeipita, ndiyo yenye weusi wa kweli, weusi wenye wekundu chini yake kama wetu ulivyo. Zile mbili nyingine, moja ilikuwa na kijani kwenye mashavu na nyingine ilikuwa imepauka. Mzee Desideri akatikisa kichwa, akaenda kula. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na cheti sikupewa.

Sasa wino. Printa ilikuja na wino wake halisi, ukaisha kabla ya Pasaka, na tangu hapo tajiri wetu hakununua tena wino halisi hata tone. Tukawa tunajaza. Chupa zilikuja na basi kutoka Dar, nyingine zililetwa na bodaboda kutoka mpakani Kasesya zikiwa na maandishi ambayo hakuna aliyejua kuyasoma. Chupa imeandikwa majenta, ule wekundu wa waridi, ukiivuta kwa sindano unaona juisi ya rozela. Kila shehena ilikuwa na tabia yake. Mwezi huu watu wanatoka wa zambarau, mwezi ujao wanatoka kama wameoga majivu.

Kwa hiyo shikeni haya, maana ndiyo mliyoyaomba. Ukishajaza, usichapishe siku hiyohiyo. Acha wino ulale, mapovu yapande juu. Asubuhi chapisha mistari ya kupimia matundu ya wino. Ukiona mstari umekatika, safisha kichwa cha printa mara moja, usubiri, siyo mara tano mfululizo kama anavyofanya mmoja wenu ambaye simtaji. Mwezi wa sita na wa saba upepo wetu wa Ufipa unakausha matundu kuliko jua la Dodoma, hivyo kila asubuhi chapisha kapicha kadogo kenye rangi zote, hata kama hakuna mteja, na weka beseni la maji chini ya meza, hewa ipate unyevu. Usichanganye chupa mpya na ya zamani kwenye tangi moja. Na usihukumu rangi picha ikiwa mbichi wala chini ya taa ya tyubu. Subiri ikauke mpaka baada ya chakula cha mchana, uipeleke dirishani.

Lakini kuipeleka dirishani ukailinganishe na nini? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Watu wenye uwezo wana kifaa chenye jicho la umeme, unakiweka juu ya karatasi kinakusomea rangi. Tajiri aliposikia habari zake alicheka mpaka akakohoa. Mzee Desideri alikuwa ametunza picha moja iliyochapwa kwa wino halisi ili iwe kipimo, akaibandika ukutani, na baada ya mwaka ikawa imechujuka. Akasema karatasi inafifia, mtu hafifii, tutafute mtu.

Mtu akawa Leokadia. Alikuwa binti wa kaunta, mwenyeji wa mjini hapahapa, aliyekuwa akipokea wateja na kukata pasipoti saizi kwa mkasi bila kupiga rula. Mzee Desideri alimkalisha mbele ya blanketi la kijivu, amevaa blauzi nyeupe, mkono mmoja umefunuliwa kiganja, mwingine umegeuzwa kuonyesha mgongo wake. Akampiga picha mchana wa mawingu. Faili hilo halikuguswa tena. Kila wino mpya ukijazwa tulichapisha picha ya Leokadia, tukaisubiri ikauke, tukamwita dirishani, akaweka mkono wake kando ya picha. Ukifanana, tumemaliza. Usipofanana, kwenye kompyuta unapunguza majenta hatua mbili, unaongeza njano moja, unachapisha tena, mpaka mkono wa karatasi na mkono wa mtu uwe mkono mmoja. Nyuma ya kila picha tuliandika tarehe, chupa imetoka wapi, na marekebisho. Marekebisho hayo ndiyo yaliyotumika kwa kila mteja mpaka wino unaofuata.

Njia ya kishamba, mtasema. Ilifanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Watu walitoka Chala na Matai kuja kupiga picha kwetu kwa sababu kwetu walitoka walivyo.

Nilimwoa Leokadia mwaka wangu wa tatu pale. Mzee Desideri alisema nimeoa kifaa cha ofisi. Tukampata binti yetu Oresta, na tangu hapo mimi nikawa Baba Oresta na yeye Mama Oresta, hata hapo kaunta mbele ya wateja. Mzee Desideri alipofariki nilibaki mimi na printa, na mke wangu na mkono wake.

Niwaambie kesi moja iliyoniharibu, maana bila hiyo hamtaelewa iliyofuata. Kulikuwa na jubilei ya sista mmoja, miaka hamsini ya nadhiri. Picha zikatoka shela zote zina upinki, masista kumi na wawili kama wamefuliwa na kitenge kinachochuja. Tajiri alitaka kumfukuza mpiga picha. Nikachapisha Leokadia, nikampeleka dirishani, nikaonyesha kila mtu kwamba mkono wa kwenye karatasi ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Wino ulikuwa mbovu. Nikarekebisha, shela zikarudi nyeupe, mpiga picha akabaki kazini na mimi nikaheshimika. Kuanzia hapo mkono na karatasi vikipingana, mwenye kosa alijulikana kabla kesi haijasikilizwa. Na kweli, kila mara nilikuwa sahihi. Hicho ndicho kilichoniponza. Mtu aliyekosea mara mbili tatu huwa anauliza.

Basi mwaka ule, masika yakielekea kuisha, tajiri akabadilisha muuzaji wa wino. Nikajaza, nikaacha ulale, nikachapisha Leokadia. Dirishani kiganja chake kikawa na unjano kidogo kuliko kile cha kwenye picha.

"Labda wino umenishika," akasema, maana yeye ndiye aliyenishikia chupa. Akaenda kunawa kwa sabuni ya mche, akarudi, tukapima tena. Vilevile. Nikaongeza njano hatua mbili, vikafanana. Nikaandika nyuma ya picha, nikaendelea na kazi.

Nilichokiona na kukipuuza ni blauzi. Ile blauzi nyeupe ya kwenye picha ilitoka rangi ya maziwa yaliyokaa. Blanketi la kijivu likaanza kufanana na majani ya mahindi yaliyokauka. Fundi wa mwaka mmoja angejiuliza kwa nini. Mimi nikasema ni karatasi, siku hizi hata karatasi zinaghushiwa.

Shehena ya pili ya muuzaji yuleyule, njano hatua tano. Wakati huo Leokadia alikuwa amepungua, na pale kaunta alikuwa akijikuna mikono kwa chanuo. Nikamwambia apunguze pilipili. Nilisema hivyo, ndiyo. Chakula cha jioni alikuwa anakiacha, nikafikiri anafunga kwa nia fulani, maana mke wangu alikuwa mtu wa sala na hakuwa mtu wa kueleza kila kitu.

Mara ya tatu njano ikafika hatua nane. Sijawahi kufika nane na wino wowote. Nilikuwa nimemshika mkono dirishani, nageuza picha huku na huku, namlaani muuzaji, na yeye akasema taratibu, "Baba Oresta, labda ni mimi."

"Wewe hubadiliki," nikamjibu. "Kinachobadilika ni wino."

Alicheka kidogo. Mimi sikumuuliza. Nimeishi na kile kicheko mpaka leo, na sina wa kumwuliza kilikuwa na maana gani.

Wateja wakaanza kurudisha picha. Mwalimu mmoja, dereva wa lori, mama wa komunio ya kwanza. Nikawarudisha walikotoka kwa maneno. Kisha akaja mama mmoja Msukuma, Nkwimba, wa familia ya wafugaji wanaoishi mbele ya Chala. Mama yake mzazi alikuwa amekuja kumtembelea kutoka kwao, bibi mkongwe, na walipiga picha ya pamoja na wajukuu ili bibi aondoke na nakala. Bibi alikuwa bado yupo, anasubiri hizo picha ndipo apande basi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Picha hizi si zetu," akasema, akazitandaza kaunta. "Sura ni zetu. Rangi si yetu. Mmetupaka njano."

Nilikuwa nimechoka na wateja. Nikamwita Leokadia, nikamshika mkono, nikampeleka yeye na yule mama dirishani, nikaweka picha ya kipimo kando ya kiganja. "Unaona? Tumepima hivi zaidi ya miaka ishirini. Mkono na picha ni kitu kimoja. Rangi ni sahihi."

Nkwimba hakuangalia picha. Aliangalia mkono, kisha akamshika Leokadia kidevu, akamgeuzia mwangani, na kwa dole gumba akamvuta ngozi ya chini ya jicho. Leokadia alimwacha. Sijui kwa nini alimwacha, mtu asiyemjua. Labda alikuwa amengoja mtu amguse hivyo.

"Huyu mama anaumwa," Nkwimba akasema. "Mpeleke hospitali. Mmetupaka ugonjwa wake."

Nikamwambia, na ninaandika kama nilivyosema, "Mama, hapa ni studio, siyo josho la ng'ombe."

Akaziacha picha palepale kaunta, akatoka. Leokadia aliziokota moja moja, akazitia kwenye bahasha, akaandika jina. Tukiwa tunarudi nyumbani akasema yule mama hakuwa na nia mbaya. Nikasema anajua ng'ombe, asituletee. Haya, ndivyo nilivyokuwa. Msinitetee.

Zikapita wiki tatu. Mnajua nilizifanyia nini zile wiki tatu? Niligombana na tajiri kuhusu wino. Nilimwandikia barua, nikamwonyesha picha zilizorudishwa, nikamwambia jina la studio linakufa. Nilipigania wino kuliko nilivyowahi kupigania kitu kingine maishani. Na nikashinda. Akaagiza wino halisi, wa kiwandani, chupa zina lakiri.

Nikasafisha matangi yote, nikajaza, nikaacha ulale. Nikafuta marekebisho yote, nikachapisha Leokadia bila hatua hata moja. Baada ya chakula cha mchana nikaitoa dirishani. Blauzi nyeupe pe. Blanketi kijivu. Nikafungua sanduku la bati tulimohifadhi vipimo vya zamani mbali na mwanga, nikatoa kimoja cha miaka ambayo kila kitu kilikuwa sawa, nikaviweka pamoja. Mapacha. Printa ilikuwa nzima. Nikamwita mke wangu aje aweke mkono.

Nikauona. Haukuwa umepishana kidogo. Ulikuwa mkono wa mgonjwa, na mtoto mdogo angeujua.

Nilifunga studio mchana kweupe, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya hata kwa msiba wa Mzee Desideri, tukaenda hospitali. Kwenye mkoba nilikuwa nimetia zile picha za vipimo, sijui kwa nini, mazoea tu ya kwenda dirishani na karatasi mkononi.

Daktari, kijana mpole, alimwangalia macho akamwuliza unjano umeanza lini. Leokadia akanitazama mimi. Nikazitoa picha nikazipanga mezani kwa tarehe: njano mbili, njano tano, njano nane. Daktari akasoma nyuma ya kila moja.

"Mzee, hizi ulikuwa unazichapisha za nini?"

"Kupima wino."

Akagusa ile ya njano mbili. "Mngekuja na hii," akasema, kisha hakumalizia, akaanza kuandika rufaa ya kwenda Mbeya. Kule walituambia ni uvimbe, umebana njia ya nyongo na umeshasambaa kwenye ini. Tukarudi na dawa za maumivu.

Aliishi wiki sita. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi nilitamani anilaumu, maana lawama ingekuwa na mwisho. Badala yake alinipa kazi. Siku moja nikiwa nampaka mafuta mikononi kwa ajili ya muwasho, akasema, "Zile picha za mama yule ziko kwenye droo ya kaunta. Zichapishe upya, umpelekee mwenyewe. Usitume mtu." Nikasema nitakwenda. Akasema, "Uende kweli."

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni mfupi. Tajiri akikataa kifaa cha jicho la umeme, pimeni kwa kijivu na nyeupe, pimeni kwa vipimo vya zamani vya kwenye sanduku la bati, na msimfanye mtu kuwa kipimo. Mkipishana na mteja, anzeni kudhani mteja ana haki. Wino wa kujaza hauna ubaya wowote. Nimeutukana miaka mingi, na mwaka ule mmoja nilioutukana kuliko miaka yote, wino haukuwa umenikosea chochote.

Baada ya arobaini nilichapisha picha za Nkwimba, nikapanda basi mpaka Chala, nikachukua bodaboda kwenda kwao. Nilimkuta zizini, amemshika ndama kwa sikio. Nikampa bahasha. Alifuta mikono kwenye kanga, akazitazama picha moja baada ya nyingine bila haraka.

"Hizi sasa ni zetu," akasema. "Lakini bibi ameshaondoka. Alisubiri wiki nzima."

"Nisamehe."

"Tutamtumia." Akazirudisha kwenye bahasha. "Yule mama anaendeleaje?"

"Tumemzika."

Akamwachia ndama. "Pole sana baba." Akaniletea kigoda na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akasimama pembeni mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza, na hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Mimi hawa ng'ombe nawaangalia macho kila asubuhi kabla hawajatoka. Ni wengi, na hakuna ninayelala naye. Wewe mkeo ulikuwa unamshika mkono mwenyewe, unampeleka kwenye mwanga. Ulikuwa unaangalia nini?"

Nikamwambia nilikuwa naangalia karatasi.